Koo la Chiriku, Nyuzi za Waya

Kama hujawahi kumsikia Waya akipiga gitaa, pole yako. Hasara ni yako, usije kunililia. Wenzako walikuwa wanakuja ukumbini Jumapili mchana na viatu vizuri mkononi, wanavivaa mlangoni ili visichoke njiani, na kisa ni vile vidole tu. Jazi, bwana. Siyo hii ya kukwaruza nyuzi kama mtu anasugua sufuria iliyoungua. Jazi yenyewe, ile inayomfanya mtu mwenye kesi kesho asubuhi asahau hata sura ya hakimu.

Sasa uso wake. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Vidole vinakimbia, watu wanalia, wanaume wanakumbatia wake zao wenyewe, jambo la nadra, na Waya amesimama pembeni ya jukwaa anatazama ukuta kama mgonjwa anayengoja kuitwa dirishani achukue dawa. Jina alipewa na kaka yake. Mrefu, mwembamba, umeme unapita ndani yake kwenda kwa wengine, na yeye mwenyewe humwoni akishtuka.

Na alikuwa na neno lake moja. Umemkanyaga: "Haina neno." Paa linavuja juu ya spika: "Haina neno." Umeazima shati lake ukalirudisha bila kola: "Haina neno." Ungeweza kumzika kwa makosa, angegonga jeneza akasema haina neno, zamu ijayo muwe waangalifu.

Kaka yake ndiye Chiriku. Kelele yote ya ukoo ilikuwa kwake. Mama mmoja, baba mmoja, lakini mdomo wote alipewa wa kwanza. Wa pili alipokuja akakuta kopo tupu. Baba yao alikuwa kinyozi, ana kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na redio yenye stesheni moja tu isiyokoroma. Bahati yao stesheni hiyo ilipenda jazi.

Siku moja mteja aliingia kunyolewa na gitaa begani. Kichwa kimefika nusu, sauti ya mwanamke ikasikika nje inamtaja jina lake lote, la kwake na la baba yake. Yule bwana alitokea dirisha la nyuma na shuka la kinyozi shingoni. Mpaka leo kuna mtu mahali fulani anatembea na nusu ya nywele. Gitaa likabaki. Baba mtu akalitundika kwenye msumari karibu na kioo, akawa analipangusa vumbi, anamngoja mwenyewe arudi. Hakurudi. Chiriku ndiye aliyechoka kungoja.

"Mimi nitaimba," alimwambia mdogo wake. "Wewe shika hicho."

Hapo ndipo kazi ya muziki ya Waya ilipoanza. Hakuulizwa kama anapenda. Hakusema kama hapendi. Alikishika.

Tatizo likawa nyuzi. Nyuzi za gitaa hazijikazi zenyewe. Lazima uwe na sauti ya kufuata, ndipo ujue hapa nimefika, hapa nimepitiliza. Wenye pesa hufuata piano, wengine hufuata filimbi. Wale wawili walikuwa na mkasi na wembe. Chiriku akaona hakuna haja ya kusumbuka. Akafungua mdomo: "Aaaa." Akasema, "Si hii hapa? Fuata." Waya akakaza, akalegeza, mpaka uzi na koo vikasema kitu kimoja. Kisha akanyamaza, akangoja muziki wa redio uanze, akajaribu uzi wake kimya kimya. Sawasawa kabisa. Tusimnyime mtu haki yake: Chiriku wa wakati ule alikuwa na koo kama mizani ya duka la dhahabu.

Walipokua, wakaunda bendi, na ile tabia ya kwenye duka la kinyozi wakaja nayo. Bendi nyingine zinatafuta sauti kwenye mashine. Kwao, Chiriku anaketi kwenye kiti, anakunywa maji ya moto kutoka kwenye chupa yake ya chai, anainua kidole. Wote kimya. "Aaaa." Waya anakaza gitaa lake. Pipa, mpiga besi, mtu wa tumbo lake, anachukua kutoka kwa Waya. Wengine wanachukua kwa Pipa.

"Mimi ndiyo noti yenyewe," Chiriku alikuwa anawaambia. "Nyinyi wengine ni risiti."

Na walitamba, usinibishie. Walizunguka miji juu ya lori, walipiga harusi za wakubwa, walirekodi ule wimbo wa pasi. Unaujua. Mwanamume ameketi anamtazama mke wake anavyompigia shati pasi, na kwa jinsi anavyoigandamiza anajua leo kuna kitu. Ubeti wa tatu una sauti moja ya juu, ndefu, ambayo Chiriku akiifikia watu walikuwa wanaweka glasi chini. Aliishikilia huku anatazama saa yake ya mkononi kwa mbwembwe, kisha anamtazama mpiga ngoma kama kumuuliza, vipi, tuendelee au tule kwanza? Ukumbi unapasuka kwa kicheko. Chini ya sauti ile, gitaa la Waya lilikuwa linapita taratibu, kama mtu anayesogeza viti mgonjwa apite.

Mke wa Waya alikuwa karani wa posta, wa kugonga mihuri. Huyo ndiye mtu pekee aliyekuwa anamchekesha. Alikuwa anagonga mihuri kwa mapigo ya nyimbo zao, dirisha zima linajua leo anagonga wimbo gani. Aliumwa muda mfupi, akafa. Aliacha binti mmoja mdogo, waliyemwita Bibie kwa sababu tangu akiwa mchanga alikuwa anatazama watu kama wamechelewa kazini.

Jumapili iliyofuata maziko, bendi ilikuwa na kazi. Watu wakasema Waya hatakuja. Alikuja. Katikati ya wimbo wa pasi Chiriku akaanza kulia jukwaani, akashindwa, akageuka nyuma akajifuta na pazia. Waya aliumaliza wimbo peke yake, hakugusa noti mbaya hata moja. Watu wakasema huyu bwana ana moyo wa chuma.

Chuma wapi. Unaijua ile sindano ya daktari wa meno? Unagusa mdomo wako unaona kama umeuazima kwa jirani. Waya alichomwa sindano hiyo mwili mzima, halafu daktari akaenda likizo. Alikuwa anamchana mtoto nywele, anampeleka shule, anarudi, anapika chai, anakaa. Alijua kwamba amefiwa, kama unavyojua kwamba nje kuna mvua wakati wewe uko ndani.

Akiwa katika hali hiyo ndipo alipojua habari ya koo.

Walikuwa wameitwa kupiga kwenye sherehe ya mchana hotelini. Pale sebuleni kwa wageni palikuwa na piano kubwa, kifuniko wazi. Waya alikuwa ameshakaza nyuzi zake kwa Chiriku, kama siku zote. Akapita, kwa kidole kimoja akagusa piano, kisha akagusa uzi wake. Havikulingana. Akagusa sauti ya chini yake kwenye piano. Hiyo nayo siyo. Gitaa lake lilikuwa limeangukia katikati ya sauti mbili, kama kijiko kilichodumbukia nyuma ya kabati. Hata ungetaka kulifuata kwa piano, piano haina mahali pale.

Akaelewa. Koo la kaka yake lilikuwa linazeeka, linashuka kidogo kidogo, na bendi nzima ilikuwa inateremka nyuma yake imemshika shati. Hakuna aliyejua kwa sababu wote walikuwa wanateremka pamoja.

Angeweza kusema siku ile. Alifunga kifuniko cha piano akaenda kula.

Kuanzia hapo, Jumapili kwa Jumapili, Chiriku anatoa "Aaaa" yake, Waya anaifuata inakokwenda. Nyuzi zililegea mpaka zikaanza kuvuma kama nzi ndani ya chupa; akabadilisha, akaweka nene zaidi. Zile za Pipa unaweza kuanikia nguo. Na bendi ikawa haikai na mpiga kinanda. Aliletwa mmoja wa kofia, mpigaji kwelikweli. Akagusa kinanda, kikapigana na bendi nzima. Chiriku akasimamisha muziki.

"Ndugu yangu, hayo masikio ulizaliwa nayo au ulipachikwa?"

Akafukuzwa. Akaja wa pili, wa kutoka kwaya, mtu mstaarabu, akaambiwa kinanda chake kimeingia maji. Akakipeleka kwa fundi, kikaonekana kizima. Akarudi, akafukuzwa yeye. Wa tatu alitoka mlangoni analia, mtu mzima na ndevu zake, anajiuliza kama amewahi kujua muziki. Mpiga saksafoni naye aliondoka mwenyewe, kwa adabu, akisema daktari amemkataza kupuliza.

Waya alikuwepo mara zote hizo. Alikuwa anajua. Yule wa ndevu alipita mbele yake na kinanda kwapani, akamtazama kama kuomba shahidi. Waya akamfungulia mlango kwa sababu mikono ya mwenzake ilikuwa imejaa. "Haina neno," alimwambia.

Miaka ikaenda. Bibie akakua, akapata kazi kwenye duka la fotokopi, na kinanda akajifunzia kwenye kwaya, kwa kuibia ibia. Nyumbani walikuwa wanaishi yeye na baba yake, vyumba viwili, ukimya wa kutosha kujaza cha tatu. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka duniani, na alikitaka tangu alipokuwa anasinzia nyuma ya spika akiwa mdogo: kukaa kwenye ile bendi, upande ule wa baba yake. Kwa sababu baba yake alikuwa hazungumzi kwingine kokote ila pale.

Meneja wa ukumbi ndiye aliyetia mkono. Alisema muziki bila kinanda umepitwa, wateja wanapungua, wasipopata mpigaji ataleta mtu wa kupiga santuri za watu wengine. Chiriku akapiga kifua.

"Tunaye! Tunaye nyumbani. Bibie! Damu yetu ile, haiwezi kukosea."

Mazoezi yalikuwa Alhamisi alasiri, ukumbini, viti vimepinduliwa juu ya meza, sakafu bado ina maji ya deki. Bibie alikuja na kinanda chake amekifunga kitenge kama mtoto mgongoni. Akawasalimia wote, "Shikamoo Baba Mkubwa, shikamooni," akakaa. Waya akamtazama, akatazama ukuta.

Wakaanza wimbo wa pasi. Bibie aliingia vizuri, kwa wakati wake, mikono laini. Na ilikuwa ni vita. Kila alichogusa kilikwenda juu ya bendi kama mafuta juu ya maji. Chiriku akainua mkono.

"Mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Baba Mkubwa."

"Haya, tuanze tena."

Wakaanza tena. Vilevile.

"Mwanangu, unapiga wimbo huuhuu au kuna mwingine umetumwa?"

Pipa akacheka mpaka besi ikatikisika. Bibie naye akacheka kidogo, akajaribu mara ya tatu, na safari hii alikuwa anapiga polepole kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha watu. Chiriku akanyamazisha wote.

"Jamani, mtoto wa mpiga gitaa hana masikio! Waya, huyu ulimwokota wapi? Nimewatimua watu wazima kwa hili, mwanangu. Nikikuacha wewe, wale watasema nini? Jumapili uje ujaribu mbele ya watu. Ikiwa hivihivi, utakaa kwenye meza ya jamaa, tutakuletea soda."

Alisema kwa mzaha, alikuwa anampenda. Lakini Bibie alifunga kinanda chake kwenye kitenge, akatoka nje. Wote wakamgeukia Waya. Waya alikuwa anapangusa gitaa lake. Alilipangusa lote, mbele na nyuma, ndipo akatoka.

Alimkuta amekaa kwenye ngazi za ukumbi, miguu juani.

"Baba, nakosea wapi?"

Waya akakaa ngazi ya chini yake. Ikapita baiskeli, akapita mama na ndoo.

"Hukosei."

"Najua sikosei. Nilikuwa nakusikiliza wewe. Gitaa lako liko chini. Liko chini mno, tena haliko mahali popote."

"Liko kwenye koo la baba mkubwa wako."

Bibie akacheka kwanza. Halafu akaona baba yake hacheki, ingawa kwa Waya hiyo haikuwa dalili ya kitu.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na wale waliofukuzwa?"

"Walikuwa sawa."

"Wote?"

"Yule wa ndevu alikuwa mzuri sana."

Bibie akavuta kinanda karibu. Kisha akafungua kitenge, akaweka kinanda mapajani, akamwonyesha kitufe kidogo pembeni, kimejificha karibu na waya wa umeme.

"Hiki kinashusha sauti yote. Kidogo kidogo, hata robo ya sauti. Jumapili nitakishusha mpaka lilipo koo lake. Tutakuwa sawa, hakuna atakayejua."

"Likishuka tena?"

"Nitashusha tena." Akafunga kitenge, akatazama barabara, macho hayako kwa mtu. "Haina neno, baba."

Waya alisikia lile neno. Lilikuwa lake, alilijua, kama unavyoona shati lako limevaliwa na mtu mwingine. Na namna alivyolisema, bila juu bila chini, na alivyokuwa anatazama barabara kama anangoja kuitwa dirishani. Waya alijipapasa ndani aone kama kuna kitu kimemgusa. Hakuona. Ila alibaki pale kwenye ngazi, binti keshaondoka, mpaka Pipa akaja kumwambia wanafunga.

Jumapili ukumbi ulijaa, maana Chiriku alikuwa ametangaza kila mahali kwamba leo kuna damu mpya. Amevaa koti lake la krimu, lile ambalo kifungo chake hakijakutana na tundu tangu bendi ikiwa na saksafoni. Bibie ameketi kwenye kinanda. Meneja kasimama karibu na mlango, mikono kifuani. Chiriku akanywa maji yake ya moto, akainua kidole.

"Aaaa."

Waya hakugusa kitu. Akamgeukia binti yake.

"Nipe wewe."

Bibie akamwinamia. "Baba, nimeshashusha. Tuko sawa."

"Rudisha juu."

"Baba, tafadhali."

"Rudisha mahali pake, halafu unipe."

Bibie akamtazama, akapeleka kidole kwenye kile kitufe, akagusa sauti. Ikatoka safi, juu, peke yake. Waya akaanza kukaza. Zile nyuzi nene hazikuwa zimezoea adhabu ile. Shingo ya gitaa ikalia. Uzi wa kwanza ukakatika, ukamchapa nyuma ya mkono.

"Ndiyo, ua watu," alisema Pipa.

Waya akachukua uzi mwingine mfukoni, akaufunga, akaendelea. Chiriku kidole bado kiko juu.

"We mdogo wangu, unatafuta nini huko? Mimi niko huku."

"Najua uliko, kaka. Uko chini."

"Chini ya nani?"

"Koo limeshuka. Zamani. Mimi ndiye nimekuwa nalegeza nyuzi nakufuata. Wale wapiga kinanda hawakuwa wanakosea, na huyu hakosei."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anataja bei ya mkate. Chiriku akacheka, kile kicheko chake cha kutafuta wenzake. Akamtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma alikuwa amepata skrubu ya kuichunguza. Akamtazama Pipa, Pipa anajikuna tumbo.

"Hata wewe, Pipa?"

"Mimi, bosi, nafuata gitaa."

Watu walikuwa wanangoja, wameshaanza kupiga makofi ya kuhimiza. Chiriku akashusha kidole. Akavuta koti. "Haya," alisema. "Pigeni."

Wakapiga wimbo wa pasi, mahali pake pa zamani, na kinanda cha Bibie kikaingia kwenye gitaa la baba yake kama mkono kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe. Ukumbi wote ulisikia kuna kitu kimerudi, bila kujua ni nini. Chiriku alipanda nao. Ubeti wa kwanza alifika. Wa pili alifika kwa kushika kiti chake. Wa tatu, ilipokuja ile sauti ndefu, akafungua mdomo, kikatoka kitu kama mlango wa stoo. Mtu mzima, fundi: hapohapo akaigeuza mikrofoni kwa watu, akaziba kwa tabasamu, na ukumbi mzima ukaiimba kwa niaba yake. Meneja alipiga makofi, hakuona kitu. Bibie aliona. Waya aliona.

Wimbo ulipoisha Chiriku aliilaza mikrofoni juu ya kiti, taratibu, kama mtoto aliyelala. Akachukua chupa yake ya maji, akatoka mlango wa nyuma.

"Baba," alisema Bibie, "mkono unatoka damu."

"Naona," alisema Waya. Vidole vya mkono mwingine vilikuwa vinawaka. Miaka yote ile ya nyuzi legevu vilikuwa vimesahau.

Bibie alipata kazi yake. Meneja alisema mwenyewe, huyu abaki. Ila Chiriku hakuja Alhamisi, wala Jumapili. Mke wake alikuwa anasema amelala, huku nyuma yake anasikika anagombana na redio. Ikabidi Waya aende. Akaingia, akakaa kwenye kochi. Shemeji akaleta chai, akaona nyuso, akarudi nayo jikoni.

"Miaka yote hiyo," alisema Chiriku, "unanitazama nashuka tu?"

"Ndiyo."

"Mtu anamwona kaka yake anateremka ngazi gizani, hata kumwambia shika ukuta?"

"Sikuwa naumia, kaka. Nilikuwa naona, lakini sikuwa naumia."

"Huumii wewe. Nilimlilia mke wako mimi. Nikajifuta na pazia mbele ya watu. Wewe ukamaliza wimbo."

"Nilimaliza."

"Hukugusa hata noti mbaya."

"Sikugusa."

Chiriku akaongeza sauti ya redio. Wakasikiliza bei za mazao mpaka zikaisha. Waya akaaga, akajibiwa kwa mkono.

Jumapili iliyofuata walipiga bila mwimbaji. Wateja wakataka wimbo wa pasi, wakagonga meza. Bibie akamtazama baba yake: nani ataimba? Waya akaanza. Gitaa likachukua maneno, kinanda kikachukua pale pa gitaa. Walipokuwa ubeti wa pili, mlango ukafunguka, akaingia Chiriku, bila koti, kwenye shati la nyumbani. Akavuta kiti kwenye meza ya jamaa, mbele kabisa, akakunja mikono. Akaagiza soda.

Ubeti wa tatu ukaja. Waya akaipanda ile sauti ndefu, akaifikia, akautikisa uzi mpaka sauti ikanyamaza. Watu wakapiga makofi.

"Umekosea!" Chiriku alipiga kelele kutoka mezani.

Ukumbi ukageuka. Waya akasimamisha mkono. "Wapi?"

"Pale juu. Umefika kirahisi mno."

Watu wakacheka, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Bibie hakucheka. Waya naye.

"Njoo uonyeshe basi."

"Siji. Rudia."

Waya akajifuta vidole kwenye suruali. Vilikuwa vinamuuma mpaka kwenye kiwiko. Akampa Bibie ishara kwa kichwa, wakarudi mwanzo wa ubeti, polepole kuliko mara ya kwanza, yeye akitazama ile meza ya mbele ambako kaka yake alikuwa ameinua kidole kimoja hewani, anasubiri afike.